Taa Juu ya Ufuo

Sitakuapia. Nimekwisha kuapa mara nyingi mbele ya watu. Wa kusadiki wakasadiki, wengine wakanipa pole ya uzee, wakaenda zao kula. Wewe sikiliza tu, kisha ujiulize mwenyewe: mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu na goti bovu, atapata faida gani kumzulia mambo mtoto aliyekufa?

Jambo moja nalitanguliza. Haikuwa usiku. Watu wakisikia habari za wafu hutaka giza, bundi, na mbwa wabweke. Mimi nilimwona saa kumi alasiri, jua linawaka mpaka mchanga unachoma nyayo, na mkononi nina kikapu cha kisamvu. Laiti ingekuwa usiku, ningejidanganya kwamba nilikuwa ndotoni, na huenda leo ningekuwa na raha zaidi.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza. Temeke hii unayoiona nyumba zimebanana mpaka huna pa kuanika shuka, wakati huo ilikuwa minazi, mihogo na mikorosho, na nyumba za udongo moja hapa na moja kule. Mimi nilikuwa nimeachika. Miaka ishirini na kitu, sina mtoto, nina sanduku moja na mdomo mkali. Dada yangu wa tumbo moja, Mwanahawa, akanichukua nikakae kwake. Mumewe, shemeji Bakari, alikuwa kuli bandarini, akipakua meli, na mara nyingi zamu yake ilikuwa ya usiku. Alikuwa mtu mpole, mwenye mabega mapana na maneno machache.

Walikuwa na binti wawili. Mkubwa alikuwa Mwanaidi, wa miaka tisa, aliyezaliwa asubuhi ya sikukuu ndiyo akapata jina hilo. Mdogo alikuwa Tatu, wa miaka mitano, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ndiye wa tatu kuzaliwa. Wa pili hakumaliza wiki. Na wakati ninaokusimulia, dada alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Mwanaidi nilimpenda, na nasema hivyo mapema kwa sababu ya yatakayofuata. Alikuwa mtoto wa kutengeneza mambo yaliyoharibiwa na wakubwa. Nikiacha mtungi wazi, anaufunika. Nikisahau mboga juani, anaihamishia kivulini na kuifunika jani la mgomba, halafu hasemi kitu. Nami nilimfundisha adabu ndogondogo, kama kuziba mdomo kwa mgongo wa mkono akipiga mwayo. Alilishika hilo kuliko hata mimi mwenyewe.

Homa ilimpata siku moja jioni. Mpaka baada ya isha alikuwa amewaka mwili mzima, anaweweseka. Nikamtandikia kanga yangu ya maua ya buluu, nikachemsha mwarobaini. Dada akasimama, akajifunga kibwebwe, akasema, "Nambeba. Nakwenda naye hospitali mjini."

Nami nikamjibu. Maneno yangu nayakumbuka yote, sijapoteza hata moja.

"Dada, usiku huu? Na tumbo hilo? Na mumeo hajui? Unataka kesho watu waseme mke wa Bakari katoka nyumbani usiku bila ruhusa? Ngoja arudi alfajiri. Homa tu hiyo."

Usinihukumu haraka. Siku zile mwanamke hakuvuka kizingiti usiku bila mumewe kujua, na mimi niliyeachwa kwa sababu ya kutokatoka ndiye niliyejifanya mwalimu wa sheria hiyo. Dada alisimama mlangoni muda mrefu na mtoto mgongoni. Kisha akarudi, akaketi.

Kabla ya adhana ya alfajiri Mwanaidi alijinyoosha, akatulia. Shemeji Bakari aliingia jua likichomoza, na mkate kwapani aliowaletea wanawe kutoka mjini. Alikaa nao hivyo kwapani, hakuna aliyemwambia auweke chini, mpaka majirani walipojaa uani.

Sasa lazima nikueleze habari ya ufuo, maana vijana wa leo hamuujui. Kwetu maiti alioshewa nyumbani. Kinachimbwa kishimo ndani, kinaitwa ufuo, kitanda cha kamba kinawekwa juu yake, na maji ya kumwoshea yanaingia humo yasije yakakanyagwa na watu. Jeneza likishatoka, ufuo unafukiwa, na juu yake inawashwa taa. Siku tatu, basi. Wengine saba. Ufuo wa Mwanaidi ulichimbwa chumbani mwao, pale pale alipokuwa akilala na mdogo wake, kwa kuwa uani kwetu hakukuwa na sitara. Tatu akahamishiwa kwangu, na ile kanga ya maua ya buluu akapewa mwosha, kama ilivyo desturi.

Siku ya pili ya matanga, bibi mmoja, sitamtaja, ameshatangulia, alimwinamia dada akamnong'oneza. "Usilie, mwanangu. Taa hiyo ndiyo inayomwangazia mwanao kule aliko. Maadamu inawaka, hayumo kizani." Alisema kwa wema. Msibani watu hutoa maneno kama wanavyotoa kahawa, anayepita mbele yako unammiminia. Lakini dada aliyanywa yale.

Siku tatu zikapita, taa inawaka. Saba, inawaka. Tukasoma hitima ya arobaini, watu wakala wali, wakaondoka, taa inawaka. Si usiku tu, hata mchana, mlango umefungwa, kibatari kinatoa moshi mpaka dari likawa jeusi. Dada alikaa juu ya kigoda kando yake, na utambi na chupa ya mafuta mkononi. Alikuwa hali ila uji vijiko viwili. Halali. Akisinzia, kichwa kikianguka kifuani, anashtuka na kuikinga taa kwa viganja kana kwamba kuna mtu aliyekuja kumnyang'anya.

Na mimi hakunisemesha. Tangu asubuhi ile, hata neno la kuomba maji. Nikiingia na uji, anaupokea huku anatazama taa. Sikuwa na haki ya kulalamika, nami sikulalamika, lakini nakwambia hakuna kipigo nilichopata kwa yule mume wangu kilichoniuma kama kunyamaziwa na dada yangu.

Mafuta ya taa niliyanunua mimi. Dukani palikuwa na mzee wa Kihindi, mtu wa matani, aliyejua siri za nyumba zote kwa vitu wanavyonunua. Siku moja alinipimia chupa akacheka. "Nyumba yenu harusi gani hii haiishi? Mafuta kila siku." Nikamwambia harusi ni ya nani. Akaacha kucheka. Akanishindilia kizibo vizuri, akasema polepole, "Arobaini si imekwisha, mama? Hata sisi, arobaini ikiisha, tunamwacha mtu wetu apumzike." Nikaondoka na chupa yangu. Nilimwona ana makuu kuniingilia mambo ya kwetu.

Shemeji Bakari naye alijaribu. Alichuchumaa mlangoni akamwambia mkewe, kwa upole wake ule, kwamba imetosha.

"Mwanangu kafa kizani," dada alimjibu, "mie nikingoja ruhusa yako. Hatakaa kizani tena."

Shemeji alitoka akaja barazani nilipokuwa nikichambua mchele. Akakaa. Akasema, "Siku ya harusi nilimwambia asitoke nyumbani bila mie kujua. Nilisema kwa maringo tu, ya ujana. Nilitaka rafiki zangu wasikie." Kisha akaenda kunawa uso. Siku hizo alikuwa akinawa uso mara kumi kutwa. Ningeweza kumwambia kwamba ulimi uliomrudisha dada pale mlangoni ulikuwa wangu. Sikumwambia. Nilichambua mchele.

Ilipofika karibu siku ya sitini, mkunga, Bi Hidaya, alikuja kumpapasa dada tumbo. Alipotoka aliniita pembeni. Alikuwa mwanamke asiyezunguka maneno. "Mtoto tumboni kapunguza kucheza. Huyu asipolala na kula, mtachimba ufuo mwingine, na humo mtawaosha wawili. Alhamisi jioni narudi. Taa tutaichukua hata kwa nguvu."

Basi Alhamisi hiyo ndiyo niliyomwona Mwanaidi.

Nilikwenda kuchuma kisamvu kwenye shamba letu, upande wa kuelekea Chang'ombe. Nilikuwa nainama na kuchuma, nainama na kuchuma, sina hata wazo kichwani, niamini. Nikainua macho. Chini ya mkorosho, kama hatua kumi kutoka nilipo, mtoto wa kike ameketi, amenipa mgongo. Nikadhani ni mtoto wa jirani katoroka kazi za kwao. Nikamwita kwa ukali wangu wa kawaida, "We mtoto, kwenu huna kazi leo?"

Akageuka.

Alikuwa amejifunga ile kanga ya maua ya buluu. Niliijua kwa pindo lake lililoungua na pasi. Nayo nilimpa mwosha kwa mikono yangu. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu, na harufu iliyonifikia ilikuwa ya karafuu maiti, ile wanayomtia maiti wakishamwosha. Uso wake ulikuwa uso wake, haukuharibika, haukutisha. Ila macho. Macho yalikuwa mekundu, yamevimba, kama ya mtoto aliyekeshwa ngomani na wazazi wake.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema.

Nikajibu "Marahaba." Utafanyaje? Mdomo ulishazoea.

Akapiga mwayo. Mwayo mrefu wa mtoto aliyechoka, na mkono wake ukapanda, akaziba mdomo kwa mgongo wa kiganja kama nilivyomfundisha. Hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka. Nguo mtu anaweza kuiba. Sura mtu anaweza kufanana. Lakini ule mkono ulikuwa wa Mwanaidi.

"Nina usingizi," akasema.

"Basi lala, mama," nikasema, na sauti yangu niliisikia inatoka mbali.

"Taa," akasema, akijifikicha macho. "Mwambieni mama. Taa inawaka, mie silali."

Nikakimbia.

Niliangusha kikapu palepale kwenye jua, kanga ya kichwa ikashikwa na mti wa muhogo, sikugeuka. Nilipita mashamba ya watu, nikaruka mitaro, mpaka nikafika nyumbani nikajifungia chooni. Na humo chooni ndipo nilipokumbuka kitu. Mtoto yule nilikuwa nimemuua kwa ulimi wangu, Mungu kanileta mbele yake uso kwa uso, na badala ya kusema "Mwanaidi, nisamehe", nimemwambia alale, kisha nimekimbia. Nililia mpaka nikatapika.

Ungefanya nini wewe? Ungeingia kwa dada ukamwambie? Mimi, niliyemzuia asimpeleke mwanawe hospitali, leo niende nimwambie azime na taa, kwa kuwa nimekutana na mwanawe chini ya mkorosho? Angenifukuza, na angekuwa na haki. Nilitoka chooni, nikanawa, nikachemsha uji kama kila siku. Neno lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni Bi Hidaya alifika kama alivyoahidi. Tuliswali magharibi, ubani ukafukizwa kwa kuwa ni Alhamisi, kisha tukaingia chumbani, yeye, shemeji Bakari na mimi. Dada alipomwona mkunga alijua. Alikikumbatia kile kibatari kikiwa kinawaka. Moto ulimuunguza kidole, tulisikia harufu, hakukiachia.

"Mwanahawa, nipe," alisema Bi Hidaya.

"Niueni kwanza."

"Bakari, mshike mkeo."

Shemeji hakusogea. Machozi yalikuwa yakimshuka bila sauti, na safari hii hakwenda kunawa uso. Nami nilisimama ukutani na mwiba wangu kooni.

Ndipo mlango uliposukumwa, akaingia Tatu. Alikuwa anaburura mkeka. Ule ule wao wawili, uliokuwa umesimamishwa chumbani kwangu tangu msiba. Alipita katikati yetu kama watu wazima hatumo, akautandaza juu ya ufuo, akaulainisha kwa viganja, akalala upande wa ukutani. Akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Tatu, toka hapo," Bi Hidaya alisema kwa hofu. "Hapo hapalaliwi."

"Ndipo tunapolala," Tatu alisema. "Kwa mama mdogo kuna kunguni."

Akaitazama taa mikononi mwa mama yake, akakunja uso. "Mama, mbona mmemwashia taa? Dada Mwanaidi halali na taa. Mwanga unamuuma macho."

Sijui wengine, lakini mimi nilichuchumaa palepale ukutani. Kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikaa nyumba moja na watoto wale miaka miwili, na kila usiku nilisikia ugomvi wao kupitia ukutani, mdogo anataka taa, mkubwa anataka giza, mpaka mkubwa anapuliza na kunakuwa kimya. Dada aliusikia. Baba yao aliusikia. Sote tulijua, na sote tulisahau.

"Nikizima atakuwa kizani, mwanangu," dada alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Mie sitaki awe kizani peke yake."

"Hayuko peke yake. Yuko na Mungu."

"Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe. Mie nilikuwa naogopa kiza, nalia. Akaniambia, Tatu, usiogope, Mungu halali. Sie tukilala, yeye yuko macho, anatuona kizani kama mchana. Basi mtu anazima taa, analala zake." Alisema haya bila kuhubiri, kama mtoto anayeeleza ndoo iko wapi. Akamtazama mama yake kwa huruma. "Wewe, mama, huwezi kumwangalia usiku wote. Wewe unasinzia. Mungu hasinzii."

Tatu akainuka kwa viwiko.

"Nizime, mama?"

Dada hakumtazama mumewe. Hilo nililiona wazi. Aliinua macho akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri ile, na macho yake yalikuwa mekundu na kuvimba, kama yale niliyoyaacha chini ya mkorosho. Mwiba ukatoka.

"Dada," nikasema, "mtoto amechoka. Mruhusu alale."

Dada akakiinamisha kibatari mpaka usoni kwa Tatu, akasema, "Zima, mwanangu."

Tatu akapuliza. Alikosa mara ya kwanza, akavuta pumzi, akapuliza tena.

Giza lile sijaliona kabla wala baada. Siku sitini chumba kile kilikuwa hakijaonja giza. Tulimsikia Tatu akipapasa mkekani, tukamsikia akisema, "Lala huku, mama, upande wake. Mwenyewe hana neno." Mkeka ukalia. Dada amejilaza. Halafu kikaja kilio, si kile cha matanga chenye maneno na sifa, bali kilio kidogo cha chini, na mkono wa Tatu ukimpigapiga mama yake mgongoni kama anavyobembelezwa mtoto mchanga. Kilio kikapungua, kikawa kwikwi, kikawa pumzi. Dada yangu amelala usingizi.

Shemeji alijiegemeza kizingitini akalia kwa sauti. Bi Hidaya, mwanamke mgumu yule, nilimsikia akipenga makamasi kwenye kanga yake.

Na sasa nakwambia la mwisho nililolisikia, ulikubali ulikatae. Mimi nilikuwa karibu ya mkeka. Pumzi ya dada ilikuwa nzito. Ya Tatu ilikuwa nyepesi, ya haraka. Baina yao nikasikia nyingine, ndefu na ya polepole, na harufu ya karafuu maiti ikanipita usoni mara moja, kisha haikuwapo. Nikasikiliza tena. Zilibaki mbili tu.

Dada alilala usiku ule, na kesho yake kutwa, na usiku mwingine. Tulizuia kila kelele. Hata kuku tuliwafukuza uani. Alipoamka aliomba wali na samaki, akala, mtoto tumboni akacheza. Nilikuwa namwosha mikono aliponishika kidole akasema, "Mdogo wangu, na wewe umekula?" Nilimwambia nimekula. Nilikuwa sijala siku mbili.

Shemeji Bakari nilimwambia nilichokisema usiku wa homa, wiki hiyohiyo. Alisema, "Basi sote wawili." Tangu siku hiyo, dada alitoka alipotaka kutoka, saa yoyote, na mumewe hakuuliza.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Watu wote walisema aitwe Mwanaidi, maana ndiyo desturi, kumwinua aliyekufa kwa jina. Tatu alikataa. "Mwanaidi kalala," alisema. "Mkiita jina lake kila saa, ataamka." Mtoto akaitwa Zuhura, na mpaka leo katika ukoo wetu hakuna Mwanaidi mwingine.

Kikapu changu alikifuata shemeji asubuhi ya ile Ijumaa, kesho yake baada ya taa kuzimwa. Alikirudisha kimejaa. Nikamuuliza kilikuwa wapi, akasema chini ya mkorosho, kivulini, kisamvu kimefunikwa jani la mgomba, hakijanyauka hata kidogo. Mimi nilikiangusha juani, na mgomba wa karibu zaidi ulikuwa mbali kule bondeni. Labda alipita msamaria akakitengeneza. Inawezekana. Lakini mimi nilikikumbatia kikapu kile kama mwendawazimu, na kisamvu chake sikuruhusu mtu akipike.

Niliyoyaona mkoroshoni dada nilimsimulia baada ya miaka mingi, nywele zetu zikiwa zimeshaanza mvi. Hakushangaa. Aliniuliza jambo moja tu, kama mtoto alikuwa na njaa. Nikamwambia hapana, usingizi tu. Akasema alhamdulillahi.

Tangu wakati huo silali na taa. Umeme umekuja, wajukuu wanataka balbu iwake barazani usiku kucha kwa ajili ya wezi, nami naamka naizima, wananicheka. Wacha wacheke. Na pale palipokuwa na shamba letu, ikishapita saa tisa, sikanyagi. Si kwa hofu. Ningekuwa na hakika atakuwepo, ningekwenda kila siku.

Basi nawe shika haya mawili. Ukifiwa, lia ulie, hakuna wa kukuzuia, lakini mwachie mtu wako usiku wake; kuna anayemwangalia, na hasinzii. Na ikiwa siku moja atakuja mbele yako yule uliyemkosea, katika jua au katika giza, usikimbie kabla hujasema lile la kusema. Mimi nilikimbia, na sasa nina umri huu wote na neno moja bado liko mdomoni.

Nimeshamwusia Tatu, ambaye leo ni bibi wa watu. Siku yangu ikifika, taa aiwashe siku tatu kama desturi, ya nne apulize. Nina mtoto wa kumwomba radhi huko niendako, na sitaki kufika kwake nikiwa na taa mkononi.